Giga za Bure Zenye Kufuli: Nani Analipa, na Utatokaje Zikifungwa?

Ukikuta huduma ya wingu inayokupa giga 10 bure na kuapa kwamba yenyewe haiwezi kufungua hata faili lako moja, uliza kwanza nani analipia umeme wa mashine zinazotunza mafaili hayo. Hilo si swali la mtu asiye na shukrani. Ndilo litakalokuambia kama picha ya diploma yako bado itakuwepo mwaka 2030.

Huduma hizi zimeingia kusini mwa Maniema bila kelele. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kasongo huandika kazi yake ya mwisho kwenye kompyuta ya kuazima, kisha huituma winguni kwa sababu kesho kompyuta itakuwa kwa mwingine. Mwalimu wa Samba hupiga picha bulutani za darasa zima kabla mchwa hawajazifikia. Mnunuzi wa dhahabu wa Salamabila hataki daftari lake la madeni lisomwe na kila atakayeishika simu yake. Mama wa kikundi cha akiba cha MUSO huko Kabambare angependa ukurasa wenye jina lake na akiba yake usibaki kwenye daftari moja tu la katibu. Kila mmoja anatafuta mahali pasipo na macho ya mwingine, na ni nadra umkute mmoja wao ana kadi ya benki. Basi hutumia kile cha bure.

Je, bure hiyo itadumu? Kwa maoni yangu, bure ndogo itadumu na bure kubwa itapunguzwa. Ila kwa mtu wa Kasongo, kampuni kufilisika si hatari ya kwanza. Kuna mbili zinazotangulia, nazo nitazifikia baada ya kueleza habari ya pesa.

Google hukupa giga 15 bure na inaweza kumudu, kwa kuwa inaishi kwa matangazo. Huduma yenye kufuli haina njia hiyo. Faili lako hufungwa ndani ya simu yako kabla halijaondoka, na kampuni hupokea kifurushi isichoweza kukisoma. Haijui kama ni hati ya kiwanja au picha ya mtoto, hivyo haina cha kumuuzia mtangazaji. Na kuna hasara nyingine isiyotajwa sana. Video ya harusi ikizunguka mjini na kuhifadhiwa na watu 300, kampuni ya kawaida inaweza kutambua kwamba ni faili lilelile na kulitunza mara moja tu. Kampuni ya kufuli, kwa kuwa kila mteja amefunga kwa ufunguo wake, huona vifurushi 300 visivyofanana, na inavilipia nafasi vyote 300.

Nafasi yenyewe ina bei inayojulikana. Backblaze ya Marekani, ambayo huuza hifadhi kwa kampuni nyingine, ilipandisha bei yake Oktoba 2023 kutoka dola 5 hadi dola 6 kwa terabaiti moja kwa mwezi. Terabaiti ni giga 1,000. Tukipiga hesabu kwa bei hiyo, giga 10 zilizojaa ni senti 6 za dola kwa mwezi, yaani dola 0.72 kwa mwaka. Ni kidogo. Lakini wakiwa watu milioni moja, inakuwa dola 60,000 kila mwezi, kabla hujamlipa mhandisi hata mmoja. Kinachoziokoa kampuni hizi ni usahaulifu wetu: watu wengi hufungua akaunti, huweka picha chache, kisha huiacha. Ahadi ya giga nyingi hutolewa kwa kutegemea kwamba wengi hawatazijaza. Wakianza kuzijaza, ahadi inapitiwa upya.

Hata shirika lisilotafuta faida halikwepi bili. Signal, programu ya ujumbe inayoendeshwa kwa michango, ilitoa hesabu yake Novemba 2023 na kusema kwamba kufikia 2025 ingehitaji takribani dola milioni 50 kwa mwaka. Kutuma tu ule ujumbe wa namba za kuthibitisha unapojiandikisha kulikuwa kunaigharimu takribani dola milioni 6 kwa mwaka. Kwa hiyo kijana wa Kabambare anapoweka Signal na kupokea namba zake, kuna mtu mahali fulani ameshalipa.

Sasa tuangalie yaliyokwisha kutokea. Wuala ilikuwa huduma ya Uswisi iliyofunga mafaili kwenye kifaa cha mteja, na ilisifiwa sana na wapenda faragha. Mwisho wa 2014 ilifuta nafasi ya bure. Novemba 2015 ilifungwa kabisa, hata kwa waliokuwa wakilipa. MEGA ya New Zealand ilizinduliwa Januari 2013 kwa giga 50 bure, na dunia nzima ikaikimbilia. Leo akaunti ya bure ni giga 20. Bado ni nyingi, ila aliyepanga maisha yake juu ya zile 50 alilazimika kupanga upya.

Mfano wa kukaa nao zaidi ni Skiff. Hii ilikuwa kampuni changa ya Marekani yenye barua pepe, nyaraka na hifadhi, vyote kwa kufuli, na giga 10 bure. Haikuwa ikiishi kwa malipo ya wateja. Iliishi kwa mtaji wa wawekezaji, Sequoia wakiwemo. Tarehe 9 Februari 2024 ilitangaza kwamba imenunuliwa na kampuni nyingine, Notion. Wateja walipewa miezi sita kuhamisha vitu vyao, na Agosti mwaka huohuo huduma ikazimwa. Hakuna aliyeibiwa, na taarifa ilitolewa mapema kuliko wengi wanavyofanya. Lakini angalia mpangilio wake: mwekezaji aliyetoa mamilioni anasubiri siku ya kuuza, na wewe uliyeingia bure ni sehemu ya idadi inayopandisha bei ya kampuni. Ikishauzwa, idadi hiyo haina kazi tena.

Wakubwa nao hupunguza, tusiwaonee wadogo. Microsoft ilitangaza mwishoni mwa 2015 kwamba giga 15 za bure za OneDrive zitakuwa 5. Google Photos ilipokea picha bila kikomo hadi 1 Juni 2021, ndipo zikaanza kuhesabiwa ndani ya zile giga 15. Na hili linakuhusu moja kwa moja: kuanzia mwaka 2024, nakala za WhatsApp za simu za Android zinazowekwa Google nazo zinakula giga 15 hizohizo. Ukiona simu inakuambia nafasi imejaa na wewe hujawahi kuweka kitu, fungua mipangilio ya WhatsApp, uondoe video kwenye nakala. Mara nyingi utakuta ni video za makundi.

Upande wa pili kuna Proton ya Geneva. Ilianza mwaka 2014 na kuchangisha zaidi ya dola 550,000 kutoka kwa watu wa kawaida, baadaye ikajengwa juu ya wateja wanaolipa kila mwezi. Juni 2024 waanzilishi wake waliunda taasisi isiyo ya faida na kuipa hisa za kuiongoza kampuni, ili isije ikanunuliwa kirahisi. Nafasi yake ya bure ni ndogo, hadi giga 5 kwa mafaili na giga 1 kwa barua, lakini miaka inavyopita imeongezeka badala ya kupungua. Tuta ya Hanover, Ujerumani, nayo hutoa giga 1 ya barua pepe bure na kuishi kwa wanaolipa. Ndiyo maana nasema bure ndogo inadumu. Kampuni inayomega kidogo kutoka kwenye mapato ya wateja wake inaweza kuendelea kumega mwaka baada ya mwaka, na inatumaini kwamba siku moja utapanda ngazi au utamleta atakayelipa.

Kwa hiyo kabla ya kuweka kitu, tafuta ukurasa wa bei wa huduma hiyo. Kama hakuna wanachouza, ondoka. Kama wanauza kwa bei ya kawaida ya kila mwezi, ni dalili njema. Mimi huogopa zaidi wale wanaouza nafasi ya maisha yote kwa malipo ya mara moja: pesa yako inaliwa mwaka huu, na bili ya diski inakuja kila mwezi hadi wewe na wao mzeeke. Soma pia umri wa kampuni. Iliyovuka miaka kumi huku ikitoza wateja imeshapita mitihani ambayo changa haijaiona.

Turudi kwetu, kwenye zile hatari mbili. Ya kwanza ni mlango wa kutokea. Skiff ilitoa miezi sita, na kwa mtu wa Brussels hiyo ni kazi ya jioni moja. Kwa Kasongo piga hesabu. Ukipata kasi ya megabiti 1 kwa sekunde bila kukatika, giga 1 inahitaji zaidi ya saa mbili kushuka. Giga 10 ni saa 22. Giga 50 ni zaidi ya siku nne, usiku na mchana. Mtandao wetu haukai hivyo, betri inaisha, duka la kuchaji kwa plaki za jua linafunga jioni, na mega zote hizo unazinunua kwa mfuko wako. Picha ulizipakia kidogo kidogo kwa miaka mitatu bila kuona gharama, kisha unaombwa uzitoe zote pamoja. Wengi wakipata barua ya namna hiyo wataacha vitu vyao vizame. Kwa sababu hiyo kipimo cha nafasi kwako kisiwe kile unachopewa. Kiwe kile unachoweza kukishusha kwa mega za mwezi mmoja. Ukiweza giga 2 kwa mwezi, basi hata ukipewa 50, wewe una 2.

Hatari ya pili ni kusahauliwa. Tuta hufuta akaunti ya bure isiyofunguliwa kwa miezi 6. Proton huihesabu imelala baada ya miezi 12 na inaweza kuifuta. Google hungoja miaka 2, kanuni iliyoanza kutumika Desemba 2023. Kampuni ina haki yake. Akaunti iliyolala ni gharama tupu. Lakini fikiria maisha ya Kabambare. Kijana anaingia machimboni mahali pasipo na mtandao. Simu inaanguka mtoni au inachukuliwa kwenye barieri. Familia inakimbia: eneo la Salamabila, kuzunguka mgodi wa Namoya, limehamwa zaidi ya mara moja kwa mapigano ya jeshi na Mai-Mai Malaika. Aliyekimbia hafikirii kuingia kwenye akaunti yake kabla ya miezi sita kwisha, na taarifa ya kufutwa hutumwa kwenye barua pepe asiyoweza kuifungua. Kwetu watu wengi zaidi watapoteza mafaili kwa kanuni hii kuliko kwa kampuni kuuzwa.

Dawa ni kuifunga tarehe ya kuingia kwenye jambo ambalo tayari hulisahau. Wazazi wengi hukumbuka minervali ya kila muhula. Siku hiyohiyo fungua kila akaunti uliyo nayo, tazama faili moja, ufunge. Haili mega nyingi. Na usiwe na akaunti tano kwa kukusanya giga za bure huku na huku. Mtu wa akaunti tano husahau tatu.

Kufuli nalo lina ukali wake. Ukisahau neno la siri la Google, kuna njia za kurudishiwa akaunti pamoja na vilivyomo. Huduma yenye kufuli la kweli haiwezi kukurudishia mafaili, maana ufunguo hawana. Proton hukupa maneno 12 ya kurejesha. MEGA na Tuta hukupa msimbo wa kurejesha. Wengi huupita ukurasa huo haraka kwa kuogopa mega kuisha. Usiupite. Andika kwa kalamu kwenye karatasi, nakala mbili, moja ikae nyumbani pamoja na kadi za kura, nyingine kwa ndugu unayemwamini mji mwingine, Kindu au Kalemie. Kuuhifadhi kwa picha ndani ya simu ileile ni kazi bure. Simu ikienda vimekwenda vyote. Usitegemee pia namba ya simu peke yake kwa kurejesha akaunti, kwani namba isiyotumika muda mrefu huweza kupewa mtu mwingine.

Niseme na hili kwa wafanyabiashara: kufuli la wingu halikulindi mbele ya mtu anayekuamuru ufungue simu. Kama programu imebaki wazi ndani ya simu, naye ataona unachokiona. Safarini, toka kwenye akaunti, na programu yenyewe uiondoe kama njia ni mbaya. Mafaili yako yatakungoja, mradi maneno yale 12 yapo nyumbani.

Kiini cha ushauri wangu ni kuwa na nakala mahali pengi, na Kasongo ina ushahidi wake. Mwaka 1971 ulianza hapa mradi wa afya pamoja na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp. Mwaka 1981 timu ya mradi huo ilichapisha katika jarida la The Lancet la London utafiti kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto wa Kasongo wa miezi 7 hadi 35. Baada ya hapo Maniema ilipita katika vita vilivyoanza mwaka 1998, na ofisi ngapi zilipoteza karatasi zake, waulize wazee. Lakini utafiti ule unasomeka leo katika maktaba za dunia, kwa sababu haukuwa Kasongo pekee.

Weka basi nakala tatu za vile vya lazima: moja kwenye kadi ya memori au fleshi iliyofungwa kwenye plastiki, moja winguni, moja kwa ndugu wa mji mwingine. Ile ya kadi ni muhimu kuliko tunavyodhani. Kuanzia 31 Desemba 2018, kwa karibu wiki tatu baada ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini, na siku hizo wingu halikumsaidia mtu.

Vya lazima ni vichache kuliko unavyofikiri. Kadi ya kura, cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, diploma ya Serikali, bulutani, hati ya kiwanja, kadi za chanjo, daftari la MUSO, hati za ndoa, picha chache za wazee waliokufa. Piga picha mchana mahali penye kivuli, karatasi ikiwa imelala sawa, kisha punguza ukubwa hadi kilobaiti 500 hivi. Maandishi bado yatasomeka. Karatasi 200 za namna hiyo ni megabaiti 100. Hata kwa mtandao wetu zinapanda ndani ya nusu saa ukikubali, na siku ya kuhama zinashuka kwa muda uleule. Kwa kiasi hicho huduma yoyote ya bure inatosha, hata iliyo ndogo kuliko zote. Baada ya kupakia, fanya jaribio: shusha faili moja kwenye simu ya mtu mwingine ukitumia neno lako la siri, ulifungue, kisha utoke kwenye akaunti.

Video za harusi na nyimbo zisiende winguni kabisa. Nunua kadi ya memori.

Na kulipa? Ukiwa na shirika, shule au chama cha wanunuzi wa dhahabu chenye nyaraka nyingi, lipeni. Dola chache kwa mwezi zikigawanywa kwa watu kumi ni kidogo, na mteja anayelipa hafutwi kwa sababu ya kulala. Tatizo ni njia ya kulipia: wengi wa watoa huduma hawa hutaka kadi ya benki, na sisi tuna M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Wengi humwomba ndugu wa Lubumbashi au Ulaya alipe kwa kadi yake. Ni sawa, lakini jua kwamba kwako huduma hiyo bado ni ya bure, na itakwisha siku ndugu atakapobadilisha kadi au kupoteza kazi. Mkubaliane awaambie mwezi mmoja kabla hajaacha, na mumrudishie pesa yake kwa wakati ili asichoke.

Sheria ya kidijitali ya Kongo ya 13 Machi 2023 ina vifungu vya kulinda data za watu, na ni vizuri viongozi wa shule na vituo vya afya wakaijua kabla ya kupakia majina ya wanafunzi na wagonjwa. Lakini usitegemee sheria hiyo imlazimishe mtu wa Geneva au Auckland kuendelea kukutunzia giga za bure.

Kama leo una muda wa kufanya jambo moja tu, acha kupakia. Chukua kalamu, andika neno la siri na msimbo wa kurejesha wa akaunti uliyo nayo tayari, na karatasi hiyo uiweke mahali mwenzi wako anapopajua.